Picha zisizoachiliwa: kisa cha programu ya skana iliyoishiwa kumbukumbu

## Usuli

Kisa hiki kinahusu programu ya kompyuta ya mezani iliyoandikwa kwa lugha ya C# juu ya Windows Forms, maktaba ya kutengeneza madirisha ya programu, kwa ajili ya ofisi moja iliyokuwa ikigeuza majalada yake ya karatasi kuwa nyaraka za kidijitali. Jina la ofisi, aina ya nyaraka na kila jambo linaloweza kuwatambulisha wahusika nimeliondoa. Mfuatano wa matukio na sababu za kiufundi nimeviacha vilivyokuwa.

Kazi ya programu ilikuwa rahisi kueleza. Karani anaweka bunda la karatasi kwenye skana, kila ukurasa unasomwa na kuhifadhiwa kwenye diski kama faili ya JPEG, kisha picha yake inaonekana katikati ya dirisha, huku pembeni kukiwa na safu ya vijipicha vya kurasa zote za bunda hilo. Karani anaugeuza ukurasa uliolala upande, anakata kingo zenye kivuli, anaongeza mwanga palipofifia, kisha anabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kwenda kwenye ukurasa unaofuata. Bunda moja lilikuwa na kurasa kati ya 150 na 300, na makarani watatu walishinda kutwa kwenye kazi hiyo.

Mambo mawili ya usuli yana uzito katika yote yatakayofuata. La kwanza ni kwamba programu iliendeshwa kama mchakato wa biti 32, na haikuwa hiari yetu: kiendeshi cha skana kilichoitwa kwa njia ya TWAIN (kanuni ya pamoja ya mawasiliano kati ya programu na skana) kilikuwa cha biti 32, na maktaba ya biti 32 haiwezi kupakiwa ndani ya mchakato wa biti 64. La pili ni kwamba aliyeiandika programu alikuwa ameshaondoka, akaacha msimbo unaosomeka vizuri, wenye majina yanayoeleweka, lakini usio na mwito wa `Dispose`, yaani amri ya kuachilia kitu kama picha kisipohitajika tena, hata mahali pamoja. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Lugha yenye mkusanyaji taka, yaani sehemu inayofuta yenyewe kumbukumbu isiyotumika tena, humzoeza mtu kuamini kwamba kumbukumbu si shughuli yake, na kwa maandishi, namba na orodha za kawaida imani hiyo humtosha miaka mingi bila kumwangusha.

## Dalili

“Fundi, ikifika ukurasa wa themanini hivi mashine inaanza kuchoka, halafu inakufa.” Hayo ndiyo maelezo ya kwanza tuliyopewa, na yalikuwa sahihi kuliko ripoti ya maandishi iliyofuata. Programu ilipungua kasi, kisha ikafa kwa `OutOfMemoryException`, hitilafu inayodai kwamba kumbukumbu imekwisha. Haikufa kwenye ukurasa uleule kila mara: bunda moja liliishia ukurasa wa 45, jingine likafika 130. Ofisi ilikuwa imeshaongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8 kwa kufuata ushauri wa mtu mwingine, na hakuna kilichobadilika. Wakati programu inakufa, zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa haijaguswa.

Kulikuwa na dalili ya pili ambayo hakuna aliyeihusisha na ya kwanza. Mara nyingine karani alipogeuza ukurasa na kubonyeza kuhifadhi, kilitokea kisanduku chenye ujumbe wa GDI+, maktaba ya Windows ya kuchora picha, usiosema chochote zaidi ya kwamba kosa la jumla limetokea. Akijaribu tena baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi faili ilihifadhiwa bila shida.

Makarani wenyewe walikuwa wameshabuni dawa: kila bunda likiisha walifunga programu na kuifungua upya. Tabia hiyo iliwasaidia wao, lakini iliificha hitilafu kwa miezi mingi, kwa sababu aliyekuja kuikagua aliikuta programu ikiwa mpya kila mara.

## Hesabu ya ukurasa mmoja

Kabla ya kugusa msimbo tulikaa na karatasi na kalamu, na ninaona hatua hiyo ndiyo iliyotuokolea muda mwingi kuliko nyingine zote. Ukurasa wa A4 uliosomwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani pikseli 8,699,840. Faili yake ya JPEG kwenye diski ilikuwa chini ya megabaiti moja, na hiyo ndiyo namba iliyokuwa vichwani mwa watu wote. Lakini picha ikishafumuliwa ili ichorwe, kila pikseli inadai nafasi yake: kwa biti 24 ni baiti 26,099,520, na kwa biti 32 ni baiti 34,799,360. Mchakato wa kawaida wa biti 32 kwenye Windows una gigabaiti 2 za anwani, yaani nafasi za kumbukumbu unazoweza kuzifikia, kwa matumizi yake. Gawanya gigabaiti hizo kwa picha za biti 32, unapata picha 61, na hapo hujahesabu programu yenyewe, maktaba zake, wala mianya midogo isiyotosha kubeba kipande kimoja kirefu cha baiti milioni 34.

Ndiyo maana kuongeza RAM hakukusaidia. Kilichokwisha kilikuwa anwani za mchakato, wala si chipu zilizomo ndani ya mashine. Mkusanyaji taka naye hakuona sababu ya kuhangaika. Objekti ya `Bitmap` anayoiona yeye ni ganda la makumi machache ya baiti. Pikseli zenyewe ziko nje ya lundo lake, yaani eneo la kumbukumbu analolisimamia, mikononi mwa GDI+. Kwake yeye picha mia zilizotelekezwa ni vumbi kidogo tu kwenye kona. Anapita kufagia pale lundo lake mwenyewe linapojaa, na katika programu hii lundo hilo lilijaa polepole. GDI+ inapokosa nafasi haimwombi apite; inarudisha kosa, na kosa hilo linageuzwa kuwa hitilafu inayomfikia karani.

## Jaribio la kwanza: kumwita mfagiaji kwa nguvu

Katika msimbo tulikuta mtu aliyetutangulia ameweka mwito wa `GC.Collect`, unaomlazimisha mkusanyaji taka apite, kila baada ya kurasa 20. Kabla ya kuuondoa tulitaka kujua ulifanya nini, kwa hiyo tuliendesha bunda moja ukiwapo na bunda lilelile usipokuwapo. Ukiwapo, programu ilifika mbali zaidi na kosa la kuhifadhi likapungua, lakini bado ilikufa, na kila kurasa 20 dirisha lilisimama kidogo.

Kupungua kwa makosa yote mawili kwa pamoja ndiko kulikotufungua macho. `Image.FromFile` huishikilia faili ikiwa wazi hadi picha iachiliwe. Karani alipofungua ukurasa, picha asili ilipakiwa kwa njia hiyo. Alipoigeuza, nakala mpya iliundwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha `PictureBox`, na ile asili ikabaki bila anayeielekeza na bila aliyeiachilia. Faili ilibaki imefungwa kwa kufuli la picha ambayo hakuna aliyeihitaji tena. Nakala ilipojaribu kuandikwa juu ya faili ileile, GDI+ ilikataa. Kama kwa bahati mkusanyaji taka alikuwa amepita kati ya hatua hizo mbili, na uzi wa umaliziaji (uzi ni mkondo wa utekelezaji ndani ya programu; huu huzika objekti zilizotelekezwa) ukawa umeshaizika picha asili, kufuli lilikuwa limefunguka na kuhifadhi kukafaulu. “Jaribu tena baada ya dakika mbili” ya makarani ilikuwa, bila wao kujua, ni kumsubiri mkusanyaji taka.

Kwa nini basi programu iliendelea kufa hata akiitwa kwa nguvu? Kwa sababu kulikuwa na aina mbili za picha zilizobaki, na yeye ana uwezo juu ya aina moja tu. Ya kwanza ni zile asili zilizotelekezwa. Ya pili ni nakala zote zilizorekebishwa, ambazo mwandishi wa mwanzo aliziweka kwenye orodha ya bunda ili karani anaporudi nyuma asisubiri. Hizo hazikutelekezwa; orodha ilizielekeza, na chenye kuelekezwa hakifagiliwi. Bunda lenye kurasa nyingi zilizolala upande lilikufa mapema, na bunda lililonyooka lilifika mbali. Hapo ule utofauti kati ya ukurasa wa 45 na wa 130 ukaacha kuwa fumbo.

Tuliuondoa mwito wa `GC.Collect`. Nilitaka umwagikaji uonekane wote ulivyo, bila mtu wa kupita nyuma akiupangusa nusu.

## Jaribio la pili: kuachilia kila kitu

Kosa la hatua hii ni langu, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wakilifanya. Baada ya kuelewa kwamba picha haziachiliwi, nilipitia msimbo na kuweka `Dispose` kila mahali picha moja inapochukua nafasi ya nyingine. Kwenye kisanduku kikubwa cha katikati ilikwenda vizuri. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwenye safu ya vijipicha.

Nilipofungua bunda la majaribio, vijipicha vitatu vya kwanza vilitokea kama ilivyotakiwa. Baada ya hapo safu nzima iliyobaki ikageuka kuwa visanduku vyeupe vyenye msalaba mwekundu kutoka kona hadi kona, na hitilafu iliyoandikwa kwenye faili ya matukio ya programu ilisema kigezo si halali. Msalaba huo ndivyo Windows Forms inavyokiacha kidhibiti (sehemu ya dirisha kama kitufe au kisanduku cha picha) kilichopata hitilafu wakati wa kujichora, na kikishauvaa hakijaribu tena kujichora.

Sababu ilikuwa picha moja ndogo ya ukurasa mtupu. Kila kijipicha kilianza kwa kuonyesha picha hiyo wakati ukurasa halisi bado unapakiwa, na vijipicha vyote vilielekeza objekti moja, ileile. Kijipicha cha kwanza kilipopata ukurasa wake, msimbo wangu uliiachilia picha ya zamani, ambayo ilikuwa bado inatumiwa na vijipicha vingine mia na hamsini. Vitatu vilivyosalimika vilipona kwa sababu kurasa zao zilifika kabla dirisha halijachorwa upya.

Nikaondoa karibu kila nilichokuwa nimekiweka. Nilichokosa hakikuwa wingi wa miito ya `Dispose`. Nilikuwa sijajiuliza kila picha ni ya nani.

## Uamuzi: kila picha iwe na mwenyewe

Mimi na mwenzangu tulichora kwenye ubao kila mahali picha inapozaliwa, inapopita na inapokomea. Kisha tukaandika kanuni na kuibandika kwenye majina ya metodi zenyewe, ili anayesoma mwito mmoja ajue wajibu wake bila kufungua msimbo wa ndani. Metodi inayoanza na `Unda` inarudisha picha mpya, na aliyeiita ndiye mwenyewe. Inayoanza na `Azima` inarudisha picha ya mwingine: itazame, ichore, lakini usiiachilie wala usiiweke mahali itakapodumu. Inayoanza na `Kabidhi` inapokea picha na kuchukua umiliki wake, na aliyeikabidhi haigusi tena. Picha ya ukurasa mtupu ikawa ya kuazima, mwenyewe akiwa dirisha kuu, nayo inaachiliwa dirisha hilo linapofungwa.

Lugha inao msaada wake kwa picha inayozaliwa na kufa ndani ya metodi moja, yaani tamko la `using`, linaloita `Dispose` hata hitilafu ikitokea katikati. Picha zote za mpito, pamoja na objekti za `Graphics` na kalamu zilizoundwa kwa ajili ya kuchora, zilihamia huko. Kwa kisanduku cha katikati, ambacho picha yake hudumu, tuliandika mlolongo mfupi:

```
Image mpya = UndaPichaYaUkurasa(njia);
Image yaZamani = kisanduku.Image;
kisanduku.Image = mpya;
if (yaZamani != null && yaZamani != pichaTupu)
    yaZamani.Dispose();
```

Mpangilio wa mistari hii si wa kupendeza macho tu. Mpya inaundwa kwanza, kabla ya kugusa ya zamani. Kama faili imeharibika na uundaji ukashindwa, kisanduku kinabaki na picha iliyo hai. Ukianza kwa kuachilia ya zamani, kushindwa huko kutakiacha kisanduku kimeshika picha mfu, na msalaba mwekundu utatokea mara tu dirisha litakapojichora. `PictureBox` yenyewe haikusaidii katika hili: haiachilii picha iliyowekewa, si unapoibadilisha wala kidhibiti chenyewe kinapoachiliwa. Haiwezi kujua kama picha ni yake au imeazimwa, kwa hiyo inakaa kando.

## Kuikata picha na faili yake

Ilibaki shida ya kufuli la faili. Kuachilia picha asili mapema kungetosha kama karani angerekebisha na kuhifadhi papo hapo, lakini mara nyingi ukurasa ulikaa wazi huku akishughulikia jambo jingine. Tuliamua picha inayoonyeshwa isiwe na uhusiano wowote na faili. Njia ya kusoma kutoka kwenye mkondo wa baiti kwa `Image.FromStream` ina sharti lake: mkondo lazima ubaki wazi kwa muda wote picha inapoishi, na ukiufunga mapema hitilafu haitokei pale pale, inakuja baadaye mahali pasipofanana kabisa na chanzo chake. Kwa hiyo `UndaPichaYaUkurasa` inafungua mkondo, inasoma picha, inanakili pikseli zake kwenye `Bitmap` mpya, kisha inaachilia picha ya kwanza na kufunga mkondo kabla ya kurudi.

Siku mbili baadaye ikaja malalamiko kwamba kurasa zinazochapishwa zimekuwa kubwa mno, kipande cha juu kushoto tu ndicho kinachoingia kwenye karatasi. Nakala iliyoundwa kwa `new Bitmap(picha)` hubeba pikseli zote lakini haibebi kipimo cha nukta kwa inchi; inachukua kile cha skrini, ambacho kwenye mashine zile kilikuwa 96. Upana wa pikseli 2480 kwa nukta 300 ni zaidi kidogo ya inchi 8, lakini kwa nukta 96 unakaribia inchi 26. Mwito mmoja wa `SetResolution` wenye vipimo vya picha asili ulimaliza jambo. Nakala hiyo pia hugeuka kuwa ya biti 32 hata kama asili ilikuwa ya biti 24, gharama ambayo tuliikubali kwa kuwa hatukukusudia tena kushika picha nyingi kwa wakati mmoja.

## Orodha iliyoshika kila kitu

Hapa palikuwa na uamuzi mgumu kuliko yote, kwa sababu orodha ya nakala zilizorekebishwa iliwekwa kwa nia njema na makarani waliipenda. Mwenzangu alipendekeza tuipe programu alama inayoruhusu mchakato wa biti 32 kutumia hadi gigabaiti 4 za anwani kwenye Windows ya biti 64. Tulipiga hesabu: picha 61 zingekuwa kama 120, na bunda la kurasa 300 bado lingekufa. Tukaiacha, maana ingeahirisha kifo tu, na pengine kukisogeza hadi mchana ambapo bunda limeshakaribia kwisha na hasara ni kubwa zaidi.

Badala yake orodha ilibadilishwa ihifadhi njia ya faili, maelezo ya marekebisho na kijipicha pekee. Kijipicha cha pikseli 120 kwa 170 ni baiti 81,600. Vyote 300 havifiki megabaiti 25, yaani pungufu ya ukurasa mmoja mzima. Picha kamili zikawekwa kwenye akiba ndogo yenye nafasi tatu: ukurasa ulio mbele ya karani, uliotangulia na unaofuata. Marekebisho ambayo hayajahifadhiwa huandikwa kwenye faili ya muda ukurasa unapotoka kwenye akiba.

Akiba hiyo ilileta shida moja ya kweli. Ukurasa unaofuata ulipakiwa na uzi wa nyuma, na karani aliyebonyeza haraka mara nne au tano aliweza kuifanya akiba iachilie picha ambayo kisanduku bado kinaionyesha. Vilevile, picha moja ya GDI+ haivumilii nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Mmoja ukiisoma huku mwingine ukiichora, hitilafu inasema objekti inatumiwa mahali pengine. Tukaweka kwamba uzi wa nyuma unaunda picha na kuikabidhi, basi. Kuweka kwenye akiba na kutoa kwenye akiba hufanywa na uzi wa dirisha peke yake, na ukurasa unaoonyeshwa hautolewi kamwe. Akiba ndiyo mwenye picha, kisanduku kinaazima. Kwa hiyo ule mlolongo wa mistari niliouonyesha hapo juu ulibaki kwa madirisha mengine tu, na kwenye dirisha kuu ukafutwa.

## Vidhibiti navyo

Tulipopima tena, kumbukumbu ilikuwa imetulia ndani ya bunda, lakini safu moja ya Task Manager, ile ya objekti za USER, ilipanda kila bunda jipya lilipofunguliwa na haikushuka. Safu ya vijipicha ilisafishwa kwa `Controls.Clear()`, ambayo huvitoa vidhibiti kwenye orodha bila kuviachilia, na vishikio vyao vya dirisha, yaani namba ambazo Windows huvitambua kwazo na ambazo safu hiyo huzihesabu, vinabaki hai. Kikomo cha kawaida ni 10,000 kwa mchakato mmoja. Kwa mabunda ya kurasa 300, kazi ya muda mrefu bila kufunga programu ingekifikia. Dirisha la kukuza ukurasa lilikuwa na kasoro ya jamii hiyohiyo, kwani dirisha lililofunguliwa kwa `ShowDialog` haliachiliwi linapofungwa, linafichwa tu. Marekebisho yote mawili yalichukua dakika chache.

Naongeza jambo lililonipotosha mwanzoni. Nilikuwa nikiangalia safu ya objekti za GDI nikitarajia ipande pamoja na picha zinazovuja, nayo ilitulia tuli, nikadhani picha si tatizo. Picha ya `Bitmap` ni ya GDI+ na haihesabiwi humo. Safu hiyo hupanda kwa vishikio kama vile vinavyotolewa na `GetHbitmap`, ambavyo kuachilia `Bitmap` hakuviondoi. Vinadai mwito wao wa `DeleteObject`. Kwa picha za kawaida, namba ya kutazama ni ukubwa wa kumbukumbu binafsi ya mchakato.

## Matokeo

Tuliendesha kurasa zilezile kumi kwa mzunguko usiku kucha, tukichora kumbukumbu binafsi kwenye grafu. Kabla ya kazi hii mchoro ulikuwa mlima usio na mteremko. Sasa ulikuwa meno ya msumeno yenye kimo kilekile usiku mzima. Makarani waliacha kufunga programu kati ya mabunda, ingawa mmoja wao aliendelea na tabia hiyo kwa wiki kadhaa, na sikumkataza. Kurudi nyuma kurasa tano au sita sasa kunachukua muda unaoonekana kwa jicho, na walilitaja hilo. Ni gharama tuliyoichagua.

## Tathmini

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni hesabu ya pikseli iliyofanywa kabla ya kufungua msimbo. Ilieleza kwa nini RAM haikusaidia na ikatupa kiasi cha kutarajia, hivi kwamba kila kipimo kilichofuata kilikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Cha pili ni kuzichukua dalili mbili zisizofanana kama huenda zina mzizi mmoja. Kosa la kuhifadhi lilikuwa limekaa kwenye orodha ya kasoro kama jambo dogo linalojitegemea.

Majina ya `Unda`, `Azima` na `Kabidhi` yalionekana mwanzoni kama urasimu. Lakini katika mapitio ya msimbo yaliyofuata, makosa matatu ya umiliki yalionwa na mtu aliyekuwa akisoma tu, bila kuendesha chochote, kwa sababu `Azima` na `Dispose` vilikuwa vimekaa kwenye mistari miwili jirani. Tuliongeza pia, katika toleo la majaribio tu, klasi inayoizunguka kila picha na kuandika mahali ilipoundwa ikiwa mkusanyaji taka ataikuta haijaachiliwa. Ningeiandika siku ya kwanza kama ningelianza kazi hii upya.

Kilichoshindwa ni wepesi wangu wa kunyunyiza `Dispose`. Picha isiyoachiliwa hudhuru polepole na kwa namna inayotabirika. Iliyoachiliwa mapema huangusha programu mahali na wakati usioutarajia, mara nyingi mbali na mstari wenye kosa. Kati ya hayo mawili, la pili lilitugharimu saa nyingi zaidi. Kumwita mkusanyaji taka kwa nguvu nako kulikuwa na kasoro mbaya kuliko polepole yake: kulipunguza dalili kiasi cha kutosha kuwafanya watu waache kutafuta.

## Kilichobaki

Miezi miwili baadaye mashine moja kati ya tatu ilianza tena kupanda kumbukumbu, safari hii taratibu sana, kwa siku nzima. Ilikuwa mashine yenye skana iliyochakaa, ambayo karatasi zilikwama mara kwa mara. TWAIN katika njia yake ya asili humkabidhi mwitaji kishikio cha kumbukumbu chenye picha, na mwitaji ndiye anayepaswa kukiachilia kwa `GlobalFree`. Msimbo wetu ulikiachilia vizuri kila ukurasa uliposomwa hadi mwisho. Ukurasa uliokwama ulitupa hitilafu wakati wa kugeuza data kuwa `Bitmap`, na mwito wa kuachilia ulikuwa mstari mmoja chini ya hapo. Tuliuhamishia kwenye `finally`, sehemu ya msimbo inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea, na mashine hiyo ikalingana na wenzake.